Chai ya Chumvi na Tumbili wa Gitaru: Hotuba kwa Wakaazi wa Mtaa

Hotuba hii ilitolewa katika mkutano wa mwisho wa mwaka wa wakaazi wa mtaa wetu hapa Eastlands, Nairobi. Tunaiweka hapa kwa ukamilifu kwa ajili ya majirani ambao hawakuweza kufika.

Mheshimiwa Mwenyekiti, wanakamati, wazee wetu, kina mama na kina baba, vijana, na nyinyi watoto mlioketi kwenye mikeka pale mbele: hamjambo?

Nawashukuru kwa kunipa nafasi hii. Mwenyekiti aliponiita alinieleza kwamba mkutano wa mwisho wa mwaka huwa na ripoti nyingi, ikiwemo ya maji, ya taka, ya walinzi na ya mweka hazina, na kwamba safari hii kamati ilitaka angalau mtu mmoja azungumze juu ya jambo litakalowarudisha watu nyumbani wakiwa na moyo mwepesi. Nililikubali ombi hilo kwa furaha, kwa sababu kuna jambo ambalo nimeliamini kwa dhati tangu enzi za chaki na ubao. Naamini kwamba mikasa midogo ya kila siku, yale mambo yanayokwenda mrama jikoni, barabarani, dukani na kazini, ina mafunzo mengi kuliko tunavyodhani. Lakini naamini pia kwamba mafunzo hayo hupatikana au hupotea katika ile dakika ya kwanza baada ya mkasa, na kinachoamua ni nani anayecheka, na anamcheka nani.

Naomba niseme mapema kwamba nazungumzia mikasa midogo. Sote tunakumbuka mvua za Aprili na Mei mwaka 2024, namna mto ulivyoingia katika nyumba za ndugu zetu wa Mathare, na namna watu wa Mai Mahiu walivyopoteza jamaa zao usiku mmoja. Mambo ya namna hiyo yana wakati wake wa kulia, na mtu aliyefiwa hapaswi kuambiwa na yeyote kwamba atafute kicheko. Mimi nasema juu ya wali ulioungua, mwavuli uliosahaulika ndani ya matatu, viatu vipya vilivyozama topeni siku ya harusi. Je, mambo haya hayatupati sote? Na yanapotupata, huwa tunayafanya nini?

Niruhusuni nianze na chai.

Familia moja tunayofahamiana nayo ilipokea wageni wa posa, nami niliitwa niketi upande wa wenye binti. Wageni walifika kumi na wanne, wakaingia katika sebule ya ghorofani ambayo, mnajua wenyewe sebule zetu, haikujengwa kwa ajili ya watu kumi na wanne. Walikuwa wamevaa vizuri na walikuwa wamekunja nyuso, kwa maana kila upande ulikuja ukiwa umejiandaa kwa majadiliano. Mdogo wake bibi harusi, msichana wa miaka kama kumi na minne, alikabidhiwa kazi ya chai. Jikoni kulikuwa na makopo mawili yanayofanana, kimoja cha sukari na kimoja cha chumvi, na katika pilikapilika za asubuhi ile vifuniko vilikuwa vimebadilishwa. Binti akachota kwa ukarimu, maana mgeni haandaliwi chai iliyopooza, akakoroga, akajaza chupa mbili kubwa, akaja nazo sebuleni.

Mzee aliyewaongoza wageni ndiye aliyehudumiwa kwanza, na kwa adabu hakuna mwingine aliyegusa kikombe chake kabla yake. Nilikuwa nimeketi mkabala naye. Alikiinua kikombe kwa mikono miwili, akapiga funda moja, akasita. Nyusi zake zilipanda kidogo tu. Akatazama ndani ya kikombe, kisha akamtazama yule binti ambaye bado alikuwa amesimama na sinia, kisha akapiga funda la pili, kubwa kuliko la kwanza, akalimeza. Halafu akakiweka kikombe juu ya kisahani polepole, akasema kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia: "Kwa miaka mingi watu wamekuwa wakisema kwamba mimi nimekula chumvi nyingi. Leo ndiyo mara ya kwanza ninainywa."

Ilichukua muda mfupi watu kuelewa. Mmoja akaonja, wa pili akaonja, na sebule nzima ikaangua kicheko. Mama mwenye nyumba alitoka jikoni mbio huku ameshika kichwa, lakini mzee alimwinulia mkono asiombe radhi. Akamwita yule binti, akamketisha kando yake, akamsimulia mbele ya wote kwamba katika ujana wake alitumwa na baba yake kupeleka beberu wa mahari ya kaka yake, akafungua zizi alfajiri gizani, akamfikisha ukweni beberu wa jirani. Hapo ndugu zake wakadakia kuongeza yale aliyoyaruka, wa upande wetu nao wakatoa yao, na chai nyingine ilipoletwa, pande mbili zilizokuja kupimana zilikuwa zimekwisha kujuana. Mazungumzo ya mahari yalikuwa marefu kama ilivyo ada, lakini hakuna sauti iliyopanda siku ile.

Ndugu zangu, hebu tulitazame kwa makini jambo alilolifanya mzee yule. Yeye ndiye aliyekuwa na heshima kubwa zaidi katika chumba kile, na ndiye aliyekuwa na haki ya kukasirika. Angeweza kukisukuma kikombe, na kila mtu angemwelewa. Badala yake alikunywa funda la pili akijua fika kilichomo, akaligeuza lile neno la chumvi likamwangukia yeye mwenyewe, kisha akatoa kisa cha ujana wake kama zawadi kwa mtoto wa watu. Alicheka, na katika kucheka kwake hakumwacha binti peke yake upande wa pili. Binti yule sasa ni mtu mzima, na yeye ndiye anayekisimulia kisa hiki kila familia hizo mbili zinapokutana. Hakisimulii kwa aibu. Anakisimulia kwa sababu ni chake. Na nyumbani kwao makopo yale yameandikwa kwa wino mweusi, mwilini na kwenye kifuniko.

Je, lingekuwaje kama mzee angenyamaza na kununa? Binti angejifunza nini siku ile? Angejifunza kuogopa wageni. Hilo tu.

Nataka sasa niwapeleke nje ya Nairobi, hadi milima ya Usambara, mwaka 1963. Katika shule ya sekondari ya Magamba, huko Tanganyika, palikuwa na mwanafunzi wa kidato cha tatu aliyeitwa Erasto Mpemba. Wavulana wa shule ile walikuwa na desturi ya kutengeneza aiskrimu: wananunua maziwa kwa kina mama wa kijijini, wanayachemsha, wanachanganya na sukari, wanasubiri yapoe, kisha wanayatia katika friji. Nafasi ndani ya friji ilikuwa ndogo na wenye kuitaka walikuwa wengi. Siku moja Mpemba alikuwa bado anachemsha maziwa yake alipomwona mwenzake akichanganya maziwa mabichi na sukari bila hata kuyachemsha, akakimbilia friji asikose nafasi. Mpemba akatambua kwamba akingoja maziwa yake yapoe, trei ya mwisho itachukuliwa. Basi akayatia yakiwa ya moto, ingawa alijua kwamba huenda akaiharibu friji.

Waliporudi baada ya saa moja na nusu, maziwa ya Mpemba yaliyoingia yakiwa ya moto yalikuwa yameganda, na ya mwenzake yalikuwa bado uji mzito.

Watoto mlio mbele, mnalisikia jambo hili? Ya moto yaliganda kwanza! Mpemba alikwenda kwa mwalimu wake wa fizikia akamuuliza sababu, naye akajibiwa kwamba amechanganyikiwa, jambo hilo haliwezekani. Akanyamaza. Lakini hakusahau. Wakati wa likizo alikutana na rafiki yake aliyekuwa akitengeneza na kuuza aiskrimu mjini Tanga, na huyo akamwambia kwamba yeye huyatia maziwa yakiwa ya moto kwa makusudi ili yagande upesi. Muuza aiskrimu alikuwa na jibu la mkono, ingawa hakuwa na maelezo ya kitabu.

Mpemba alipofika shule ya Mkwawa, Iringa, kwa masomo ya juu, aliuliza tena, na safari hii mwalimu alimjibu kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba, si fizikia ya ulimwengu. Darasa lilicheka. Na kuanzia siku hiyo kila alipokosea hesabu, wenzake walimwambia: hiyo ni hisabati ya Mpemba. Mimi nimefundisha, na nawaomba walimu wenzangu waliomo humu wanielewe ninaposema kwamba kicheko cha namna hii ndicho ninachokihofia kuliko ukali wa aina yoyote. Mwalimu mkali humfanya mtoto aogope kukosea. Mwalimu anayemcheka mtoto humfanya aogope kuuliza, na mtoto anayeogopa kuuliza amefungiwa mlango ambao hata yeye mwenyewe hajui ulipo.

Ni bahati yetu sote kwamba Mpemba hakuogopa. Siku moja mhadhiri wa fizikia, Denis Osborne wa Chuo Kikuu kule Dar es Salaam, alialikwa kuzungumza na wanafunzi wa Mkwawa. Ulipofika wakati wa maswali, Mpemba akasimama akauliza lile lile: ukichukua vyombo viwili vyenye maji ya kiasi kimoja, kimoja kikiwa na nyuzijoto 35 na kingine 100, ukavitia katika friji, cha 100 kinaganda kwanza, kwa nini? Wenzake walimcheka. Osborne naye hakuamini, na baadaye alieleza wazi kwamba hakuamini, lakini alimwahidi kijana kwamba atalijaribu jambo hilo atakaporudi. Na alilijaribu. Fundi wake wa maabara akamletea taarifa kwamba maji ya moto yameganda kwanza, ila wataendelea kurudia jaribio mpaka wapate matokeo yaliyo sahihi! Walirudia, na matokeo yakabaki yale yale. Mwaka 1969, Mpemba na Osborne walichapisha makala yao katika jarida la walimu wa fizikia, na hadi leo jambo hilo linaitwa kwa jina la Mpemba katika vitabu vya dunia nzima. Wanasayansi bado wanabishana juu ya sababu yake, na wapo wanaobishana iwapo hutokea kila mara. Ubishi huo wote umetokana na mvulana aliyekosa nafasi ya kupoza maziwa.

Mnaona tofauti ya watu wawili hawa, mwalimu na mhadhiri? Wote wawili hawakuamini, na sidhani kwamba kutoamini ni kosa. Wote wawili walikuwa na elimu kuliko kijana. Mmoja aliitumia heshima yake kuufunga mjadala, na mwingine akaitumia kuufungua. Ni kile kile alichokifanya mzee wa chai ya chumvi. Palipo na mkasa huwa pana mtu ambaye wengine wanamtazama ili wajue wauchukulieje. Nyumbani ni mama au baba. Darasani ni mwalimu. Ndani ya matatu ni dereva na makanga wake. Dukani ni mwenye duka. Na mara nyingi, ndugu zangu, bila sisi kutambua, mtu huyo anayetazamwa ni mimi au wewe.

Sasa nigeukie jambo la lawama, kwa maana lina nguvu sana katika mji huu.

Jumanne ya tarehe 7 Juni 2016, mwendo wa saa tano na nusu asubuhi, stima ilipotea Kenya nzima. Nilikuwa katika kibanda cha kinyozi, nimeketi kwenye benchi nikingoja zamu yangu. Kwenye kiti alikuwapo kijana aliyekuwa na mahojiano ya kazi mjini saa nane mchana. Kinyozi alikuwa amekwisha kumnyoa upande wa kushoto, safi kabisa, na mashine ikanyamaza ikiwa imefika juu ya sikio la kulia. Kijana alijitazama kwenye kioo: nusu ya kichwa inang'aa, nusu ina nywele za miezi miwili.

Mnafikiri kilifuata nini? Kilifuata kile kinachofuata siku zote. Mmoja alisema mwenye nyumba hajalipa bili. Mwingine akasema kuna watu wameiba mafuta ya transfoma. Wa tatu akaingiza siasa, kisha wa nne akamjibu, na katika muda wa dakika chache watu wazima sita walikuwa wakigombana ndani ya kibanda kisichofika mita tatu, na kijana wa watu ameketi katikati yao na kitambaa shingoni. Kinyozi hakusema lolote. Alifungua droo yake, akatoa mkasi, akatoa kichana, akatoa wembe mpya uliokuwa bado katika karatasi yake, akauliza swali moja tu: "Tuna nini kingine hapa?"

Swali hilo liliwanyamazisha. Kiti kikatolewa nje penye mwanga. Fundi cherehani wa jirani, ambaye mashine yake ni ya kukanyaga na kwa hiyo hakuwa amesimama kazi, akaleta mkasi wake mkubwa wa kukatia vitambaa ili kupunguza nywele ndefu. Mama mboga akaleta beseni la maji na akakishika kioo. Kinyozi akamaliza kazi kwa wembe, taratibu, kwa mkono ambao naweza kusema ulikuwa wa fundi halisi, na kijana akaondoka na kipara chema badala ya mtindo aliokuwa ameutaka, akapanda matatu ya kwenda mjini akiwa na saa mbili mkononi.

Jioni tukaisikia habari kamili. Kampuni inayozalisha umeme ilitoa taarifa kwamba tumbili alipanda juu ya paa la kituo cha Gitaru, kule kwenye Mto Tana, akaanguka juu ya transfoma, ikazimika; mitambo mingine ikaelemewa na mzigo, nayo ikazimika, na zaidi ya megawati 180 zikatoweka kwa mkupuo. Nchi nzima ilizimwa na tumbili mmoja. Na tumbili mwenyewe alinusurika, akachukuliwa na Shirika la Huduma kwa Wanyamapori.

Mnacheka, na ni vizuri kucheka. Lakini fikirini: mwenye nyumba alilaumiwa bure, mafundi walilaumiwa bure, na wanasiasa nao, ambao kwa kawaida hatuwaonei huruma, siku ile walilaumiwa bure. Wakati sisi tukitafuta wa kumlaumu, mkosaji alikuwa kilomita nyingi kutoka Nairobi, na hata tungempata tusingemfanya lolote. Sisemi kwamba tusidai uwajibikaji. Palipo na uzembe tuuseme, na kamati yetu hii ipo kwa kazi hiyo. Ninachosema ni juu ya mpangilio wa maswali. Swali la "ni nani?" lina wakati wake, na mara nyingi linaweza kungoja hadi jioni. Swali la "tuna nini hapa?" haliwezi kungoja, kwa sababu mtu ameketi kwenye kiti, amenyolewa nusu.

Wazee waliotutangulia walilijua jambo hili la kicheko, wakaliwekea utaratibu. Ndio utani. Mjukuu anaruhusiwa kumtania babu yake maneno ambayo akimwambia baba yake ataadhibiwa. Mashemeji hutaniana. Na kwa ndugu zetu wa Tanzania, makabila mazima ni watani: Wangoni na Wahehe, ambao mababu zao walipigana vita vikali katika karne ya 19, leo wanataniana, na hata katika msiba mtani hufika akafanya vituko mbele ya wafiwa, wala hakuna anayemkasirikia, kwa kuwa mtani huyo huyo ndiye anayebeba maji, anayepika na anayechimba kaburi. Tafakarini hilo. Haki ya kucheka ilifungamanishwa na wajibu wa kusaidia. Aliyekuwa hayuko tayari kushika jembe hakuwa na ruhusa ya kutania.

Hapa Nairobi tumeupoteza utaratibu huo kwa kiasi fulani. Babu yuko Siaya, au Kitui, au Nyeri, mjukuu yuko ghorofa ya nne Umoja, na wanaonana Desemba. Mtoto anayerudi nyumbani akiwa ameanguka mbele ya shule nzima anamkuta mzazi aliyekaa saa mbili kwenye foleni ya magari Barabara ya Jogoo, hana nguvu ya kusikiliza. Basi anamsimulia nani? Mara nyingi hamsimulii yeyote. Tena siku hizi lipo jambo lingine linaloniumiza: mtu anateleza kwenye matope pale stegi, na kabla hata mkono mmoja haujanyooshwa kumwinua, simu tano zimenyooshwa kumpiga picha. Kicheko kinasambaa mji mzima, wala hakuna mchekaji hata mmoja aliyembebea mfuko wake. Vijana wetu, nawaambia kwa upendo: mwinueni kwanza. Mkishamwinua, mkampangusa, mkampa maji, yeye mwenyewe ndiye atakayeanza kucheka, na kicheko hicho mtakuwa na haki nacho.

Faida ya kusimulia haiishii kwa yule anayesimulia. Tangu M-Pesa ilipoanza mwezi Machi 2007, ni nani kati yetu hamjui mtu aliyekosea tarakimu moja, pesa zikaenda kwa asiyemjua? Jirani yetu mmoja, mama anayeuza mitumba, karo ya mwanawe ilifika kwa mkulima wa Kitale, na mkulima akapiga simu mwenyewe kabla hata mama hajagundua. Visa vya namna hii vilisimuliwa nchi nzima, vingine vyema kama hicho, vingine vibaya. Leo unapotuma pesa, jina la mpokeaji linakujia kwanza ili ulisome, unapewa nafasi ya kusitisha, na ukishakosea unautuma ule ujumbe kwa nambari 456 kuomba pesa zirudishwe. Sote tunafaidika kwa sababu waliokosea hawakunyamaza.

Na bado wapo wanaonyamaza. Wapo mafundi wachanga wanaoficha kipimo walichokikosea, na mjenzi anayefuata anakikosea vile vile. Wapo wake kwa waume waliotapeliwa kwa kununua simu iliyojaa sabuni ndani ya kasha, wakaona haya kusema, na wiki iliyofuata jirani yao akauziwa sabuni ile ile kwenye kona ile ile. Aibu ya mmoja imekuwa hasara ya wawili. Ingekuwaje kama wa kwanza angekuwa na mahali pa kusema, mbele ya watu anaowaamini, akijua kwamba watacheka pamoja naye na kwamba hakuna atakayelibeba jina lake sokoni?

Ndiyo sababu, Mheshimiwa Mwenyekiti, naomba nimalizie kwa pendekezo badala ya maneno mengine. Mikutano yetu ya kila mwezi huanza kwa sala, kisha ripoti. Napendekeza kwamba kati ya sala na ripoti tutenge dakika kumi. Katika dakika hizo, mkaazi yeyote anayetaka asimame asimulie mkasa mdogo uliompata mwezi huo, na jambo aliloliona ndani yake. Masharti yawe mawili. Kwanza, kila mtu asimulie wake mwenyewe, asimulie wa mwingine pale tu mwenyewe ameridhia. Pili, mkutano wa kwanza waanze wazee, wala si vijana, kwa maana watoto hawa wakishasikia kwamba kuna mzee aliyefikisha beberu wa jirani ukweni, hawataogopa kusema kwamba wamepoteza sweta la shule.

Nimekwisha kuzungumza na baadhi ya wazee walioketi safu ya pili, na wawili wamenikubalia kuwa wa kwanza mwezi Januari. Mama mweka hazina naye amesema dakika kumi hizo hazitaiumiza ripoti yake.

Mheshimiwa Mwenyekiti, natoa hoja. Asanteni sana kwa kunisikiliza.